Siku Bibi Aliposhangilia Wageni

Miaka ile, upande wa wageni katika uwanja wetu wa Kigoma mjini ulikuwa hauna watu. Zilikuwa ngazi tano za saruji zilizoota nyasi kwenye nyufa, na mtu pekee niliyezoea kumwona pale alikuwa mama mmoja muuza karanga, aliyepapenda kwa sababu ya kivuli. Baba alikuwa na maelezo yake.

"Hapa ni mwisho wa reli," alikuwa akisema. "Timu ikija huku inakuja na wachezaji, kocha na mfuko wa mipira. Mashabiki inawaacha kwao."

Baba alikuwa fundi wa winchi bandarini, mtu mpole kazini na nyumbani, lakini Jumamosi ya mechi aligeuka mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa mashabiki wa timu yetu. Ngoma yenyewe ilikuwa kubwa, imewambwa ngozi ya ng'ombe, na aliivaa shingoni kwa mkanda aliounganisha mwenyewe kwa kamba ya meli. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nakaa nyumbani kwetu, mtaa wa Mwanga, kusubiri ajira, na kazi yangu ilikuwa kumbebea chupa ya maji na kitambaa cha kujifutia jasho. Mama alisema tumerogwa wote wawili.

Siku ninayoisimulia tulikuwa tunacheza na timu kutoka nyanda za juu kusini, mbali kiasi kwamba walisafiri siku mbili kwa basi. Wao walivaa kijani, sisi nyekundu. Tulihitaji kushinda ili tubaki kwenye mbio za kupanda daraja. Sare isingetusaidia kitu. Mji mzima ulijua hivyo. Hata wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi walifunga biashara mapema siku hiyo.

Timu zilikuwa zimeshaingia uwanjani tuliposikia kuimba kutoka upande ule mtupu. Hazikuwa nyimbo za mpira. Ilikuwa kwaya, sauti nne zimepangwa vizuri kabisa, kama za watu wanaopeleka matoleo ya mavuno kanisani. Tukageuka. Watu kama arobaini hivi walikuwa wanashuka kwenye lori nje ya ukuta na kuingia kwa mstari, na kila mmoja alishika jani la mgomba. Walikuwa hawana jezi wala skafu, basi kijani chao walikikata shambani.

Upande wetu ulilipuka kwa kelele. "Wamekodiwa hao!" mtu akapiga kelele. "Wasaliti! Mbona wanaimba Kiha chetu?" Baba akaanza kupiga ngoma kwa nguvu ili awazime, lakini kila alipopumzika mkono, kwaya ile ilikuwa bado ipo, haijapotea hata sauti moja.

Nikakaza macho. Ngazi ya mbele kabisa alikuwa ameketi mwanamke mzee, kitenge cha kijani kichwani, mgongo umenyooka kama yuko kwenye benchi la kanisa. Nilimfahamu kabla sijakubali kwamba nimemfahamu.

"Baba," nikasema, "yule ni bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi wa Kalinzi. Mama yako."

Baba hakuacha kupiga. "Acha mchezo. Mama yangu hajawahi hata kuangalia mpira kwenye televisheni." Kisha akatazama. Ngoma ikapoteza mpigo, na wenzake wakamgeukia kwa mshangao. "Nenda," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nenda kaangalie amefikaje huku, na nani kamleta."

Nikazunguka nyuma ya goli, jezi yangu nyekundu mwilini, huku nikizomewa na watu wa upande wangu mwenyewe. Bibi aliponiona hakushtuka. Alisogea kunipa nafasi kana kwamba tulikuwa tumeahidiana kukutana hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Kaa. Umevaa rangi gani hii?"

"Ya timu yetu, bibi. Baba yuko kule ng'ambo. Amenituma. Mmekuja kufanya nini?"

Akanyoosha kidole kwenye goli lililokuwa karibu nasi. "Tumemfuata yule."

Kipa wa wageni alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mikono mirefu isiyolingana na mwili. Ilinichukua muda, kisha nikamkumbuka. Mama yake alivuka kutoka Burundi zamani akiwa na mimba, akafika Kalinzi, kijijini kwa bibi kule milimani, na bibi akampa kibanda pembeni ya shamba la kahawa. Walilima pamoja miaka mingi. Nilipokuwa mdogo, tukienda likizo, nilimkuta mtoto huyo akishinda chini ya mparachichi wa bibi. Baba mdogo alipanda juu kutikisa matawi, na yeye alikimbia huku na huku akidaka maparachichi yasipasuke. Likianguka moja, bibi alimfokea. Yakidakwa yote, alipata la kwake, kubwa.

"Kudaka nimemfundisha mimi," bibi akasema sasa, na wanakwaya waliokuwa karibu wakaitikia ndiyo kwa Kiha, "Ego!"

Akanieleza mengine. Mama wa kijana alifariki wakati mwanawe tayari amechukuliwa na timu ile ya kusini. Alipata ruhusa ya kuja kuzika, akalala usiku mmoja, akaondoka. Tangu hapo miaka mitatu ilikuwa imepita. Juma lile alimpigia bibi simu kwamba timu inakuja Kigoma, ila kocha amekataza mchezaji yeyote kutoka hotelini, na alfajiri baada ya mechi wataondoka.

"Alikuwa analia kwenye simu," bibi alisema. "Nikamwambia nyamaza. Wewe huna ruhusa ya kupanda, sisi tuna miguu ya kushuka. Nikamwomba mwenye lori la kahawa. Wanakwaya wakasema tutakwenda nawe, bibi, hawezi kushangiliwa na mtu mmoja."

Akatega sikio upande wa pili wa uwanja. "Na yule ni nani anayepiga ngoma kama anafukuza nyani?"

"Ni mwanao, bibi."

Akanitazama, akatazama ng'ambo, kisha akatikisa kichwa. "Nilimsomesha," akasema.

Sikurudi. Nilijiambia kwamba nimebaki kumlinda mzee, lakini kweli ni kwamba palikuwa pazuri pale. Bibi aliuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Kwa nini yule mwenye nguo nyeusi anakimbia sana na hakuna anayempa mpira? Kwa nini wote wasisaidiane kufunga goli moja, kisha lingine? Kipa alipoudaka mpira wa kwanza, kwaya ilianza pambio jipya, na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nikiitikia.

Kipindi cha pili timu zilibadilisha magoli, kipa akawa upande wa mbali, karibu na baba. Dakika zikaenda, hakuna goli. Watu wetu wakaanza kukata tamaa, wengine wakimtukana refa. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chache sana, mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya boksi. Penalti.

Lazima nieleze desturi ya uwanja wetu. Tukipata penalti, baba alisogea na ngoma yake hadi nyuma ya goli, na mpigaji alipoanza kukimbia, naye alipiga mfululizo, mapigo ya haraka haraka, kumvuruga kipa. Ilikuwa silaha yetu. Watu waliamini kwamba hakuna kipa aliyewahi kudaka penalti mbele ya ngoma ile.

Baba akasogea. Akainua fimbo zake. Bibi akasimama. Hakupunga jani lake, alisimama tu na kumwangalia mwanawe kutoka upande ule wa uwanja, na kwaya nzima ikanyamaza. Mpigaji akaanza kukimbia.

Ngoma haikulia.

Kipa akajirusha kulia kwake, akaukumbatia mpira kifuani, akabaki amelala nao chini. Majani ya migomba yakapanda juu. Nilimwona baba amesimama nyuma ya nyavu, fimbo bado ziko hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Mechi ikaisha bila bila.

Baadaye alisema mkanda ulimkatikia. Mama aliukagua mkanda ule jikoni, akaukuta mzima, akaurudisha ukutani.

Filimbi ilipolia, vijana wetu wachache walianza kuja upande wa kijani. Walikuwa na hasira, na baadhi walishika chupa. Wanakwaya wakasogeleana. Nikamshika bibi mkono. Ndipo nikamwona baba anakatiza uwanja, ngoma ikimgongagonga mapajani, anakimbia kama sijawahi kumwona akikimbia. Aliwapita wale vijana, akafika kwetu, akageuka na kusimama mbele yetu akihema.

"Huyu ni mama yangu mzazi," akasema. "Na hawa ni majirani zake. Mwenye neno alete kwangu."

Kijana mmoja akasema, "Mzee, wewe ndiye umetukosesha goli leo."

"Basi nimewakosesha mimi. Nendeni nyumbani."

Walisimama kidogo, wakatema mate chini, wakaondoka. Baba akageuka, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda," bibi akamjibu.

Kipa alikuja akikimbia, hajavua hata glavu. Alipofika alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya bibi na kuinamisha kichwa. Bibi akamwekea mikono yote miwili kichwani, akaiacha hapo. Kisha akafungua furushi lake: ndizi mbivu, kahawa aliyoikaanga mwenyewe, maparachichi mawili yaliyofungwa kwenye majani yasipondeke. Kijana alikuwa anaangalia vitu vile bila kuvigusa.

"Bibi," akasema, "kaburi la mama likoje?"

"Safi. Nalipalilia kila baada ya mvua. Nimepanda maua pembeni, yale mekundu aliyoyapenda. Mbuzi hawafiki, tumezungusha miti."

Kijana akalia hapo hapo, mtu mzima, na jezi yake ya kijani. Wanakwaya wakageuza nyuso zao pembeni kwa heshima. Baba akawa anakaza kamba ya ngoma ambayo haikuwa imelegea. Basi la timu lilipiga honi mara ya kwanza, mara ya pili. Honi ya tatu bibi alimwinua.

"Nenda, usiwachukize wakubwa zako. Kula. Ukipata likizo utapanda juu."

Kijana akavua glavu zake na kumpa bibi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Bibi alizitumia miaka mingi kuepulia sufuria ya maharage jikoni. Alizisifu kwa kila mgeni: haziunguzi, hazitelezi.

Baba aliondolewa kwenye ngoma. Hawakumfukuza, walimwambia apumzike, wakampa mtu mwingine. Alikwenda mechi mbili tatu akakaa ameinamisha kichwa, kisha akanunua baiskeli na kuanza kupanda Kalinzi siku za Jumamosi kumsaidia mama yake kwenye kahawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe. Jioni alirudi na vumbi na furaha.

Mwaka uliofuata kipa alipata likizo, akaja kweli. Alikaa siku nne, akalijengea kaburi la mama yake kwa saruji. Baba alikuwepo, nami nilikuwepo. Tukiwa tumekaa nje tunakunywa kahawa, baba akashindwa kujizuia.

"Hebu niambie, kijana. Siku ile, ngoma ingelia, ungedaka?"

Kijana akafikiri kwa uaminifu. "Ngoma gani, mzee? Mimi nilikuwa naangalia miguu ya mpigaji. Ingelia, isingelia, nisingesikia."

Baba alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali, na bibi akauliza kinachochekesha ni nini.

Bibi alizikwa miaka saba iliyopita, jirani na rafiki yake wa Burundi. Kijana, ambaye siku hizi si kijana tena na anafundisha makipa huko kusini, alifika usiku wa matanga kwa basi, na asubuhi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mbele kushoto, baba akiwa mbele kulia. Mimi nilikuwa nyuma yao na kwaya, na tuliimba sauti nne hadi shambani.