Devotha Alivyokataa Kusoma Tamko la Vijana

Devotha, binti wa dada yangu Esther, ana miaka ishirini na nne na hajawahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote. Zamani mpwa asingepanda hata tuta moja la karoti kabla ya kumwuliza mjomba wake. Siku hizi mjomba anapashwa habari mambo yakiwa yameshaisha. Naandika nikiwa na kinyongo hicho, msomaji ajue.

Huku kwetu juu Mgeta, katika milima ya Uluguru, anaendesha kitalu cha miche ya miti ya asili. Mbegu anaziokota katika msitu mdogo wa ukoo wetu, ule ambao wazee waliuingia bila viatu na hakuna aliyethubutu kukata hata ufito. Wazee wale wamekwisha. Vijana wengi wanapita kando yake wakitazama simu. Devotha anaingia, na viatu anavivua. Nilimwuliza sababu.

"Viatu vinavunja miche iliyoota chini, Mjomba," akasema.

Sababu yake haikuwa ile ya wazee, waliovua kwa heshima ya mizimu.

Kwa ajili ya kitalu hicho shirika moja la kimataifa la uhifadhi lilimchagua awe msemaji wa vijana wa milimani. Angesoma tamko mbele ya wageni mjini Morogoro, kisha angelipeleka Ulaya kwenye mkutano ambako sera zinapangwa. Pasipoti ilikuwa tayari. Dada yangu alishamnunulia begi.

Nilimsindikiza mjini. Tamko alikabidhiwa ukumbini asubuhi ileile, limeshaandikwa: sisi vijana wa Uluguru tunaomba misitu yote midogo ya vijijini iingizwe katika hifadhi, na mtu yeyote asiruhusiwe kuingia humo. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya wenye ardhi waliokubali. Msitu wetu ulikuwa wa tatu, na aliyetia sahihi ni Agustino.

Agustino ni baba yake Devotha. Ni mtu mwema, lakini kwetu alikuja kuoa. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi inafuata lukolo, yaani ukoo wa kwa mama. Mume analima shamba la mkewe na kula mazao yake, ila kuligawa hawezi.

Orodha aliiandaa Geofrey, katibu wa vijana katika shirika hilo, Mluguru mwenzetu aliyekulia mjini. Devotha alimvuta hadi nilipokaa.

"Geofrey, hawa uliowaandika ni waume za watu."

"Si ndio wenye nyumba? Fomu imeuliza mwenye ardhi, nimeandika jina la baba. Kama shuleni."

"Mama yako ni wa ukoo gani?"

Akacheka. "Sista, usinifanyie usaili. Hayo mambo ya kizamani. Wewe soma, upande ndege."

Nilitaka kumchapa bakora. Kisha nikajiuliza ni nani aliyepaswa kumfundisha ukoo wa mama yake. Ni wajomba zake, watu kama mimi, tulioshinda vibarazani tukilaumu vijana.

Akaja Bi Raya, mratibu wa mkutano. "Devotha, wageni wameshakaa. Kama kuna kosa tutarekebisha baadaye."

"Baadaye lini, mama?"

"Mkisharudi kutoka Ulaya."

"Lakini huko ndiko wanakoamua."

"Mwanangu, nafasi hii wanaililia wengi."

"Basi wapeni hao."

Akapanda jukwaani. Aliwaamkia wazee shikamoo, akailaza karatasi mezani kifudifudi.

"Nimeitwa niseme kwa niaba ya vijana," alisema. "Karatasi hii imeandikwa na watu ambao hawakutuuliza. Waliotia sahihi ni baba zetu, tunawaheshimu, na wangu yumo. Lakini misitu ile ni ya mama zetu, na sisi ndio tunaoitunza. Hatuwezi kuitunza tukiwa tumefungiwa nje. Kwa hiyo siisomi. Na mkiipeleka, futeni neno Uluguru."

Mkalimani akatafsiri. Vijana waliotoka Matombo, upande wa pili wa milima yetu, walipiga makofi. Geofrey aliinamia simu yake.

Kabla ya chakula cha mchana jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye safari. Tulirudi Mgeta kwa lori lililokuwa limeshusha kabichi, yeye nyuma juu ya matenga matupu. Dada yangu alinuna siku mbili. Agustino alipoulizwa kuhusu sahihi alisema, "Mimi niliambiwa ni mahudhurio."

Jumapili baada ya misa Devotha aliwakusanya wanawake wa ukoo na vijana wao pale kitaluni. Wakaandika barua yao: msitu unabaki mikononi mwa ukoo, vijana wataulinda na kupanda palipo wazi, na shirika likitaka mazungumzo lipande huku juu. Nilikuwa nimevaa koti langu, maana tangu enzi za mababu mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Nikasogea mezani, nikachukua kalamu.

"Ngoja, Mjomba," Devotha akasema. "Wanaanza akina mama. Halafu sisi tunaoingia msituni. Wewe mle uliingia lini mara ya mwisho?"

Wanawake wakacheka, na dada yangu akacheka kuliko wote. Nilihesabu miaka kimoyomoyo, nikaona haifai kutajwa mbele za watu. Nikaiweka kalamu chini, nikaenda kusimama mwisho wa foleni.