Dume Mlangoni pa Bi Nunu

Bi Nunu alizaliwa Unguja, akaja Maskati na sanduku moja na kaka mmoja. Sanduku lilimfaa zaidi. Miaka kumi alifanya kazi maabara ya chuo kule Al Khoudh, akiwabandika wadudu kwa pini na kuwaandikia majina. Kuolewa, bado. Posa zilikuja, lakini zilipitia kwa Hamood, kaka yake na walii wake, mwenye idhini ya kumwozesha, naye alizifukuza zote: huyu mfupi, yule ukoo wake haujulikani, wa tatu anakula kwa kelele. Ukweli ni kwamba Hamood alipenda mapishi ya dada yake, basi. Nunu alinyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 1998 nyuki walitoboa boriti ya baraza. Si wa asali. Wale wanene wanaonguruma. Jike, mweusi mwenye mgongo wa manjano, ndiye fundi: anachimba njia ndani ya mbao, anaweka donge la chavua, anataga yai juu yake, anaziba kwa unga wa mbao, kisha anaanza chumba cha pili. Dume, manjano mtupu, kazi haishiki. Kutwa anaelea mbele ya tundu akimvamia kila apitaye, hata paka. Hamood alimwogopa mpaka akawa anaingilia mlango wa jikoni, ambako ndiko alikokuwa akienda siku zote.

Alhamisi moja akaja kuposa Ishaq, dereva wa basi la chuo, aliyefiwa na mkewe. Huyu Nunu alimtaka, akamtaka kweli, na umri wake mwenyewe ulishafika arubaini na mbili.

Hamood akatoka barazani, kifua mbele. "Dereva? Mimi ndo walii, na nnasema hapana!"

Dume akamjia usoni. Walii akaruka nyuma ya mposaji.

Nunu akatoka, akamdaka dume, akamfumba kiganjani.

"Nunu! Atakuuma!"

"Dume hana mwiba, kaka. Mwenye mwiba yumo ndani, anafanya kazi." Akamwachia. "Na Jumamosi nnakwenda kwa kadhi. Walii akikataa bila sababu, kadhi anaozesha. Nshauliza."

Hamood akamtazama dada yake kana kwamba ndiyo kwanza amwone.

"Bwana Ishaq," akasema, "karibu ndani."

Akamwozesha mwenyewe, akala biriani sahani tatu, kisha akauliza kwa unyonge nani atampikia kesho.

"Mlango wa jikoni si unaujua," akasema Nunu.