Mtungi Wenye Kitovu

Juzi, sokoni Kibiti, niliona mtungi wenye matiti na kitovu, nikasimama kuutazama. Bibi yangu wa Mtunda alifinyanga wa namna hiyo mama alipokuwa mjamzito, akanitania, "Huyu ndiye mama yako." Nami, mtoto mdogo, nikasadiki.

Alasiri ya kuchoma vyungu, mama alikuwa ndani na mkunga, akiugulia uchungu. Uani kulinuka moshi wa makumbi ya nazi. Ghafla mtungi ukapasuka, paa! Papo hapo mama akapiga ukelele. Nikauvamia moto nimwokoe.

"We mwana, huo udongo tu!" Bibi alinivuta, akaitumbukiza mikono yangu majini.

Leo najua ni unyevu uliopasua udongo ule. Lakini siku ile Bibi aliuacha moto, akasimama mlangoni kwa mama, wala hakuondoka mpaka tuliposikia kichanga kikilia.