Mabuti ya Mmarekani wa Vällingby

Kisa hiki kinanionyesha mjinga, lakini bora nikisimulie mwenyewe kabla mtani wangu hajakisimulia, maana yeye anazidisha chumvi.

Mtani mwenyewe ni dada wa Kinyamwezi, alikuwa anasomea uuguzi Stockholm miaka ya sabini. Mimi Mzaramo, darasa la saba, naosha vyombo hotelini, na nilimpenda mpaka sahani zinaniponyoka. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Kila nikimwambia nampenda, anacheka.

Akaanza kwenda Vällingby, pembeni mwa Stockholm, kila Jumamosi, kwa mama mmoja wa Kiswidi, kusoma riwaya za Kimarekani na wenzake. Nikamfuata. Alininong'oneza maana: shujaa wa kitabu cha siku hiyo anabadili kabila kila sura, anaiba, halafu mwandishi anajiingiza kitabuni kuuliza nani kasema wizi ni wizi. Mfafanuzi alikuwa Mmarekani mweusi, kijana aliyekimbia vita vyao vya Vietnam, sauti kama redio. Akasema kila watu wana mema na mabaya yao, wa nje hawezi kuwahukumu. Dada anamtazama kama mimi ninavyotazama pilau.

Roho iliniuma, jamani. Nikasema huyu nimpime.

Viatu tulikuwa tumeviacha mlangoni, kama desturi ya huko. Wakati wa kuondoka nikavaa mabuti yake, nikafunga kamba anaona. Kwa Kiswidi changu cha jikoni nikamwambia kwetu mtani akikamata kitu chako ni chake, na wewe leo nimekufanya mtani. Nilitaka akasirike, aniite mwizi, dada ajue yale ya kitabuni ni maneno ya mdomoni tu.

Akafikiri kidogo. Akasema kama ndiyo mila yenu, sawa. Akashuka ngazi na soksi, nje theluji.

Ningemrudishia, lakini wivu ulishafunga kamba. Dada akavua skafu yake, akaipasua, akamfunga miguu, akamshika mkono mpaka stesheni. Mimi nyuma yao natembea kama bata, viatu vyangu mkononi.

Miezi ikapita. Nikawakuta madukani Skärholmen, yeye kambebea dada kikapu, wote wawili pete vidoleni. Nikaona haya, nikasema mabuti yako ninayo, nitakuletea.

Akaniwekea mkono begani, akajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na nani, unajua:

"Shemeji, mabuti kaa nayo. Mtani hakasiriki, si ndiyo mila?"