Maji na Migomba

Baba yangu alipopotea, kaka zangu hawakwenda polisi. Walikwenda Bulyaga kumleta mtaalamu, wakamlipia bodaboda na kumketisha sebuleni kwa heshima ya mkwe, beseni la maji mbele yake. Mzee alikuwa ameanza kusahau. Alitoka asubuhi bila koti, na mvua za kwetu hazina huruma. Nilikuwa naogopa. Mimi mwalimu wa sayansi nikaambiwa nikae kimya au nitoke nje. Nilikaa, ila si kimya.

Mtaalamu alichungulia beseni, akaguna.

"Naona maji," alisema. "Naona migomba."

Rungwe hii! Fumba macho utupe jiwe, litaangukia kimojawapo. Angesema ameona ngamia, ningempigia magoti.

"Maji yenyewe yanatembea au yametuama?" nilimuuliza.

"Mwalimu, maji ni maji."

"Na mzee yu hai?"

"Nguvu zinapingana."

Upuuzi mtupu. Akachungulia tena, safari hii akaona mwanamke anayeishi peke yake. Hapo nikaingiwa na ubaridi, kwa sababu jirani yetu ni mjane na migomba yake inashuka hadi kijitoni. Ndiye aliyekuwa akimpa baba chakula cha mchana nikiwa kazini. Serikali inaiita ramli chonganishi na kuipiga marufuku. Kaka zangu waliiita ushahidi.

Nilisimama mlangoni nikapiga kelele, wakanipita na mapanga na majembe. Walifyeka migomba yote, hata iliyobeba mikungu michanga, wakachimba wakitafuta maiti. Mama yule alisimama ukutani, pindo la khanga mdomoni. Nilitamani kummwagia mtaalamu lile beseni kichwani. Bado natamani.

Walipata mawe.

Kesho yake simu ikapigwa kutoka Matwebe. Baba alikuwa kwa rafiki yake wa ujana, ameshiba, anashangaa tunahangaikia nini. Mwenyeji alidhani tunajua. Nyuma ya nyumba ile pana kijito. Na migomba, bila shaka.

"Si aliona!" alisema kaka yangu mkubwa huku machozi ya furaha yakimtoka.

"Na mwanamke anayeishi peke yake?"

Akafikiri. Akasema labda ni mke wa yule rafiki, maana siku ile mumewe alishinda shambani. Wakampelekea mtaalamu jogoo wa shukrani. Kwa jirani hakwenda mtu ila mimi, na mlango haukufunguliwa.

Baba amerudi, lakini kusahau hakujamwacha. Kila asubuhi anasimama mpakani na kuyatazama mashina yaliyofyekwa kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

"Mwe bandu, enyi watu," anatuuliza, "nani kakata migomba ya mama huyu?"

Kaka zangu wanatazama chini. Kwa swali hilo, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema tumwite mtaalamu.