Glasi Zilizofunikwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba maji magumu, yale yenye chokaa, ni maji machafu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe kwa simu, ndani ya teksi ya kwenda kazini Midrand, nikitazama video za watu wanaopima maji jikoni kwao. Baba alikuwa amefariki kwa figo. Daktari alitueleza sababu, kwamba ni presha iliyokaa miaka mingi bila dawa, lakini maelezo yake hayakunitosha. Nilitaka kitu ninachoweza kukishika. Nikafungua birika la umeme, nikakuta ukoko mweupe umeganda chini, nikaukwangua kwa kucha na kumpelekea mama.

"Hiki ndicho kilichomkaa baba kwenye figo," nilimwambia. "Ni mawe. Yamo kwenye maji."

Wakati ule niliamini kabisa. Mama aligusa ule unga kwa ncha ya kidole, akaunusa, akaenda kunawa. Mbele ya bomba akasita, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Tunaishi Yeoville, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani. Mama ni mtu wa Morogoro. Alimpata baba huko, baba akiwa uhamishoni kwa kuukimbia ubaguzi wa rangi, na baba alipoweza kurudi kwao huku kusini akaja naye. Baada ya mazishi tulibaki wawili, na msimu ule maji yalikuwa yakikatika kila mara.

Maji yakikatika kwenye ghorofa, bomba huanza kuvuta pumzi. Ukiweka kidole mdomoni mwake, linakivuta. Halafu jengo zima linanyamaza, ndipo unapotambua kwamba siku zote lilikuwa na sauti. Yanaporudi hutanguliwa na hewa. Mabomba yaliyomo ukutani hugonga, kwanza mbali, chini kwa majirani, kisha kugonga kunapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka kwetu. Alasiri moja nilikuwa mezani na karatasi zangu za kupimia ugumu wa maji, zile zinazobadilika rangi, mama anakunja nguo. Ukuta wa bafu ukagonga. Mama amelelewa asiache hodi bila jibu.

"Karibu," akasema taratibu, bila kuinua macho.

Bomba la jikoni likakohoa, likatema maji ya rangi ya chai, kisha meupe kama tui. Nikakinga glasi. Weupe ule ulianza kuondoka kutokea chini, ukapanda polepole kama kitu kinachotafuta mlango, mpaka glasi ikawa safi. Nilijua ni hewa tu. Lakini vinyweleo vya mikono vilinisimama, na mama aliitazama ile glasi muda mrefu baada ya kuwa hamna kitu ndani yake.

Nilipima kila siku. Kila karatasi ilibadilika rangi, na kila mara nilimtangazia mama. Nikanunua jagi lenye chujio. Karatasi ikabadilika vilevile. Nikanunua maji ya chupa, yale ya chemchemi, nayo yakaonyesha ugumu zaidi kuliko ya bomba. Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza hapo kama anapima kitu sahihi. Mimi niliyamwaga kwenye sinki, nikamwambia mama kwamba hata ya dukani ni yaleyale.

Bado nilimwachia glasi ya maji asubuhi kabla sijaondoka, na nikirudi nilimuuliza kama amekunywa. Alijibu kwamba amekunywa.

Ndipo nikaanza kukuta glasi. Ya kwanza ilikuwa juu ya kabati, imejaa hadi ukingoni, imefunikwa kwa kisahani. Nyingine nyuma ya pazia. Nyingine chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala baba. Maji yake yalikuwa yametulia hata yakaonekana kama kioo kigumu. Nilijiambia kwamba mama anamwekea baba, nikaogopa kuuliza. Nilichofanya ni kuchovya karatasi katika mojawapo. Rangi ilikuwa ileile, nami nikaona afadhali, angalau vipimo vyangu vinakubaliana.

Mama naye alikuwa anabadilika. Sauti ilikauka. Alitembea akigusa ukuta. Jumapili moja nilimwamkia, "Shikamoo mama," akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniuliza, "Umekuja na mwanangu?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akimuuliza baba aliporudi kutoka kunichukua shule.

Jirani wa chini, Mkongo anayesuka nywele, ndiye aliyempandisha siku alipoanguka. Alikuwa amemshika kiunoni.

"Mama yako alianguka pale ku ngazi," aliniambia. "Weye mupima-maji, angalia basi midomo yake. Eish."

Kliniki, muuguzi alimfinya mama ngozi ya mkono akaiachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichobanwa. Akamuuliza kwa Kizulu anakunywa nini kwa siku. Mama anakielewa vizuri. Alinitazama mimi tu. Wakamtundikia dripu. Muuguzi akaniita pembeni, akanieleza kwamba kiu ikiendelea hivi kwa mtu wa umri wake, figo ndizo zinazoanza kufa. Kile nilichokuwa nakikimbiza ndani ya birika nilikuwa nakitengeneza mwenyewe.

Dripu ilipofika nusu, mama alianza kuonekana kama mama. Nikamuuliza kuhusu glasi.

"Nilikuwa nasubiri yatue," alisema. "Ulisema yana mawe. Nikaona nikiyaacha, jiwe litashuka, ninywe ya juu."

"Na lilishuka?"

"Sikuliona. Ndiyo maana nikazidi kuogopa, mwanangu. Jiwe usiloliona utalikwepaje?"

Nikakiri kwamba nilidhani anamwekea marehemu. Akacheka kwa shida.

"Baba yako? Maji alikuwa anayapenda lini yule?"

Tulirudi nyumbani jioni. Nikazikusanya glasi, nyingine sikuwa nimeziona, na kila nilipoinua kisahani nilihisi mtu ananitazama kupitia yale maji. Nilizimwaga zote, kisha moja nikaijaza upya mbele ya mama. Nikanywa nusu kwanza, nikimwangalia. Alisubiri kidogo, kama anayesikiliza kitu ndani yangu. Kisha akapokea, akanywa, akameza kwa sauti.

Tangu hapo nimeuliza watu wanaojua. Ugumu wa maji yetu ni wa kawaida, ni chokaa, na haukumuua baba. Maji yakirudi baada ya kukatika tunayaacha yatiririke mpaka yawe safi, tunayachemsha, tunakunywa wote wawili. Karatasi sinunui tena. Wasiwasi bado ninao, ila siku hizi simwambii mama jambo nililolisoma peke yangu mpaka niwe nimelithibitisha kwa mtu mwingine.