Neno Alilompa Bibi

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Kanisani wananisifu: "MamBhele ana moyo jamani, kuwasomesha watoto watatu wale nyumbani peke yake, Mungu atamlipa." Nami nainamisha kichwa kama mtakatifu. Wangejua! Mwaka jana, baridi ya mwezi wa saba, nilimwonea wivu kikongwe mwenye meno manne na jicho moja chini ya bandeji, na kikongwe huyo ni mama mzazi wa mume wangu.

Shule yetu ni chumba cha kulia, hapa Matatiele, nyuma ya ghala la mbegu. Kengele ni saa mbili kamili. Mpigaji ni Anathi, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye ana sindromu ya Down na mdomo usiojua kulala. Akishapiga kengele anaita majina, na usipoitika anakuandika hukuja hata kama mmekaa mnatazamana. Khazimla ni wa marehemu dada yangu. Ana miaka saba na mtindio wa ubongo. Mikono imekakamaa, tunamkalisha kwenye kiti alichochongewa na fundi, lakini akili, weh! Vitabu vyangu vyote kavimaliza. Nikichelewa kumgeuzia ukurasa ananikemea, "Mama mdogo, umelala?" Halafu yuko Lwandile, mwanangu wa pili, miaka tisa, mwenye usonji. Huyu hakuwahi kusema neno. Si mama, si maji, si sitaki.

Niliacha ualimu kwa ajili yake. Shule maalumu iliyo karibu tuko kwenye foleni ya majina, huu mwaka wa nne, na kila nikipiga simu naambiwa nivumilie. Nikasema, kwani mimi si mwalimu? Nikakata kadi mia mbili na kumi kwa mkasi wangu, nikabandika picha. Kikombe. Kiatu. Mbwa. Ya mama ina sura yangu mwenyewe, nimesuka vizuri. Miaka mitatu nilikuwa nainua kadi ile mbele ya uso wake kila asubuhi, na yeye anatazama dirisha. Nilichotaka hapa duniani kilikuwa kitu kimoja tu: mtoto yule aseme, na aseme na mimi.

Ndipo akaja mkwe wangu, MaDlamini. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho hospitali ya mjini, na mume wangu Mncedisi, ambaye anaendesha lori la mbao na kuonekana nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, akaniambia, "Mama atakaa wiki tatu tu, hadi daktari amtazame tena. Hana shida yule." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mimi sikupona. Niliugua.

Siku ya pili tu aliburuta kiti hadi barazani kwenye jua, akafungua kopo la mafuta ya kupaka, akamwita Lwandile. Nikacheka moyoni. Mtoto yule hashikwi miguu na mtu. Kumkata kucha ni vita, natoka na alama za meno. Lwandile akaenda. Akakaa chini, akanyoosha mguu, akamwekea bibi mapajani. Nilisimama dirishani na chaki mkononi nikasahau nilikuwa naandika nini.

Bibi akawa anapaka, taratibu, kidole kwa kidole, huku anamtajia sifa za ukoo wake, zile anazosifiwa kila mtoto wa kwao tangu akiwa mchanga: "Radebe! Bhungane! Mthimkhulu! Ndlebentle! Mashwabada, uliyemla ng'ombe na pembe zake!" Akimaliza, anarudia. Akimaliza, anarudia. Hamuulizi kitu, hamtazami usoni. Nusu saa nzima ya somo langu la hesabu inaliwa na mababu.

"Mama," nilimwambia siku ya tatu, "saa tatu tunakuwa na hesabu."

"Hesabu zitamkuta hapa hapa, MamBhele. Haziozi."

Nikarudi ndani, nikafuta hesabu ubaoni.

Jumanne ya wiki ya pili nilitoka kumfuata Lwandile kwa ghadhabu, daftari la mahudhurio kwapani. Bibi alikuwa amefika kwa Ndlebentle, akanyamaza kidogo avute ugoro. Ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, kama mlango wa stoo.

"Mashwabada."

Nilitazama huku na huku kutafuta mwanamume aliyeingia uani. Hakuwepo. Lwandile alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu vinavyong'aa.

"Mama! Amesema!"

"Nani?"

"Lwandile! Lwandile amesema!"

"Aa, huyu?" Akapiga chafya ya ugoro, akajifuta pua. "Anasema tangu Alhamisi. Nilidhani unajua. Si wewe ndiye mwalimu?"

Jamani. Tangu Alhamisi! Siku tano mwanangu ana neno mdomoni, mimi niko ndani nainua kadi ya kikombe. Ningepaswa kupiga vigelegele, kupiga magoti, kumkumbatia yule mzee. Badala yake nilifungua daftari la mahudhurio, nikaitafuta ile Alhamisi. Na neno lenyewe! Mimi ni mke wa Radebe, si Radebe. Kwetu mwanamke haachi ukoo wake. Nimekuja hapa MamBhele na nitazikwa MamBhele. Katika maneno yote, mtoto alichagua jina ambalo mimi simo. Na bibi naye hamo mle, MaDlamini yule, kaolewa kama mimi nilivyoolewa! Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jioni Mncedisi akapiga simu anacheka na kulia. "Mama ameniambia! Mashwabada, eti! Kweli damu ni damu." Nikamwambia ndiyo, damu ni damu. Alhamisi akina mama wa kanisa walijaa barazani na sare zao, wakaimba, wakamshika bibi mikono. Mmoja akaniuliza kama na mimi nimemsikia mtoto akisema. Nikasema chai inachemka, nikaenda jikoni.

Ijumaa nikafanya nililofanya. Nilimwambia Mama kwamba watoto hawa wanahitaji ratiba moja na sauti moja, kwamba vitabu vya wataalamu vinasema hivyo, na kwamba daktari anaweza kumtazama jicho hospitali ya kwao. Uongo mtupu. Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Alinitazama kwa lile jicho lake moja muda mrefu.

"Nyumba ni yako, MamBhele," akasema. Akafunga kopo lake la mafuta. Mncedisi aliporudi Jumamosi alimsikia mama yake akisema amekumbuka kuku zake, akampakia kwenye gari. Bibi hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumatatu saa tatu Lwandile akatoka barazani, akakaa chini mbele ya kiti kitupu, akanyoosha mguu. Nikasema, enhe, zamu yangu hii! Mafuta ninayo, majina nayajua, shahada ninayo. Nikakaa. Na wewe ungeniona ungecheka, kwa sababu mwalimu haachi ualimu. Nilikuwa nimeandika kwenye ratiba: *Saa tatu, Ukoo.* Nilikuwa nimetengeneza na kadi: ng'ombe mwekundu, pembe ndefu, mdomo mkubwa pembeni. Nikapaka kidole kimoja, nikaanza, "Radebe! Bhungane! Mthimkhulu! Ndlebentle! Na baada ya Ndlebentle anakuja naaani?" Nikainua kadi. Zabibu kavu ya zawadi tayari mkononi.

Lwandile akarudisha mguu wake. Akaitazama ile kadi. Akaichukua, akaitia mdomoni, akaitafuna yote.

Anathi alijiangusha sakafuni kwa kicheko. "Lwandile kamla ng'ombe! Na pembe zake! Mama, naandika hukuja!"

"Nani hakuja?" nikafoka.

"Wewe!"

Nikamfukuza ndani. Khazimla aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kwa adabu kabisa, kama naye anaweza kupewa zabibu.

Siku kumi na mbili nilijaribu. Bila kadi, bila zabibu. Kwa sauti nyembamba, kwa sauti nene, nikiiga hadi chafya ya ugoro. Mtoto hakunipa mguu tena. Alikuwa anakaa mbele ya kile kiti, na mimi nikikikalia anaondoka, nikiinuka anarudi. Sauti ikapotea kabisa, na hofu ikaniingia kwamba nimeizima mimi, kwa roho yangu mbaya, na kwamba haitarudi. Usiniambie habari za moyo wa mama. Mama ni mtu, na mtu ana choyo.

Siku ya kumi na tatu nikapiga simu. Iliita hadi karibu ikatike.

"MamBhele."

"Mama. Lwandile amenyamaza."

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Sikuwa na kitabu chochote, Mama. Nilikuwa na wivu."

"Najua," akasema. "Unadhani jicho lile lingine lilikuwa halioni?" Kisha, kwa ukali, "Yuko wapi?"

"Barazani."

"Basi usimsemeshe wewe. Weka simu kwenye kiti, uondoke."

Uondoke! Nikaiweka, nikafungulia spika, nikarudi nyuma hadi mlangoni, si zaidi. Sauti ya bibi ikaanza kutoka kwenye kiti, nyembamba, inakatika na upepo wa kwao. "Radebe… Bhungane…" Lwandile aliinua uso. Akasogea. Akaitwaa simu kwa mikono miwili, akaibana sikioni, akainuka na kwenda nayo hadi mwisho wa ua, kwenye ukuta wa ghala, ambako mimi sisikii. Nikaona midomo inacheza. Mara moja. Tena. Bibi alikuwa anapewa, na mimi nimesimama mlangoni na mafuta mikononi. Miguu ilitaka kwenda. Nikaizuia kwa kushika fremu ya mlango.

Salio likaisha. Niliona anaitikisa simu, anaigonga ukutani, anaisikiliza. Kisha akaja. Alipita kiti, akapanda ngazi, akasimama mbele yangu, karibu hata nikahisi pumzi yake. Hakutazama dirisha. Alinitazama mimi. Akanishika kiganja, akanibandika simu, akakunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, akasukuma mkono wangu hadi sikioni kwangu.

"Mashwabada," akaniambia.

Neno la kwanza mwanangu kuniambia mimi, uso kwa uso, baada ya miaka tisa, na alikuwa ananiagiza nimtafutie mwanamke mwingine.

"Sawa, baba," nikasema. "Subiri nikanunue vocha."